Petroli Ikipanda, Tafuta Kilomita Tupu

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ambayo petroli, dizeli na mafuta ya taa yatauzwa mpaka tarehe kama hiyo mwezi unaofuata. Kila mji una bei yake. Mombasa, ambako meli hushusha shehena, huwa na nafuu; sisi wa Kisii na Nyamira huongezewa gharama ya bomba na ya lori. Ratiba hii ilianza Desemba 2010, serikali ilipoingia kudhibiti bei, na tumeizoea mno. Mazoea hayo yametufanya tuamini kwamba kila uamuzi kuhusu mafuta hufanywa Nairobi, na kwamba mwenye gari au pikipiki kazi yake ni kulipa na kunung'unika. Bei kweli haimo mikononi mwetu. Lakini kiasi tunachochoma kimo, na hapo ndipo wengi wetu hubana mahali pasipofaa na kuachilia mahali penye hasara kubwa.

Anza na namna tunavyonunua. Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa ajili ya korona na mafuta ghafi yakikosa mnunuzi, lita ya petroli Nairobi iliuzwa Sh83.33. Oktoba 2023 ilifika Sh217.36. Katika miaka hiyo yote, wateja wengi kwenye pampu hawakusema "nitilie lita tatu". Walisema, na bado wanasema, "nitilie ya mia tano". Ya mia tano Mei 2020 ilikuwa lita sita kamili. Oktoba 2023 ilikuwa lita mbili na pointi tatu. Noti ni ileile, sauti ya mteja ni ileile, lakini safari zaidi ya nusu zimetoweka bila yeye kuambiwa. Kununua kwa shilingi kuna sababu zake, na si ujinga: mtu wa bodaboda hupata pesa kidogo kidogo, hivyo hununua kidogo kidogo. Ubaya ni kwamba ununuzi wa namna hii huficha kipimo chenyewe. Anayehesabu noti hujua tu kwamba siku hizi mafuta hayakai. Anayehesabu lita na kilomita hujua yalikwenda wapi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhitaji hata senti. Andika. Daftari la mtoto la shule linatosha, au simu. Kila unapotia mafuta, andika lita zilizoingia (pampu inazionyesha, karibu na shilingi) na namba iliyo kwenye mita ya kilomita. Mwisho wa mwezi jumlisha lita zote, gawa kilomita ulizokwenda mwezi huo kwa lita, upate gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja; kisha gawa bei ya lita kwa jibu hilo, upate gharama ya kilomita moja. Kama mita ya pikipiki ilikufa zamani, kama zilivyo nyingi, itengeneze kabla ya kununua redio. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita, petroli ikiwa Sh185, bei iliyo karibu na ile ya katikati ya 2025, inagharimu shilingi nne na senti kumi kwa kilomita. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita linagharimu shilingi 13 na senti ishirini. Hesabu zote zilizo hapa chini zinatumia namba hizi za mfano. Weka zako mahali pake.

Watu hufanya nini hasa bei inapopanda? Wachumi wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi, na jibu lao linawashangaza wanaodhani kwamba bei ikipanda barabara huwa nyeupe. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Marekani, Hughes, Knittel na Sperling, walichapisha ulinganisho wa vipindi viwili nchini mwao. Kati ya 1975 na 1980, bei ilipopanda kwa asilimia 10, matumizi ya petroli katika muda mfupi yalipungua kwa asilimia mbili hadi tatu na nusu hivi. Kati ya 2001 na 2006, kupanda kwa kiasi hichohicho kulipunguza matumizi kwa chini ya asilimia moja. Maelezo mamoja waliyoyataja ni kwamba watu walikuwa wamejenga maisha yao juu ya gari: nyumba iko huku, kazi kule, duka kwingine. Mtu wa namna hiyo hana safari ya kuacha. Anachoacha ni matumizi mengine ya nyumbani ili tangi lijae.

Nyamira si Marekani, lakini somo hilo linatufaa kwa njia yake. Mwalimu anayetoka Kebirigo kwenda kufundisha Borabu hawezi kuamua kufundisha mara tatu kwa juma kwa sababu petroli imepanda. Mama anayepeleka ndizi sokoni Daraja Mbili hawezi kuzipeleka zikishaiva kupita kiasi. Mgonjwa hasubiri tangazo la EPRA. Safari zetu nyingi ni za lazima, na ndiyo maana mawaidha ya jumla ya "punguzeni safari" huingia sikio moja yakatokea la pili. Swali la maana ni jingine: katika kilomita ninazokwenda, ni zipi zinazofanya kazi na ni zipi zinazokwenda bure? Nitaziita hizi za pili kilomita tupu. Ni pikipiki inayozunguka ikitafuta abiria, pikapu inayorudi bila mzigo, gari la watu watano lenye mtu mmoja, safari ya pili sokoni kwa ajili ya kitu kilichosahauliwa katika safari ya kwanza. Hizo zinaweza kupunguzwa bila mtu yeyote kukosa kazi wala dawa.

Chukua bodaboda, kwa kuwa ndiyo inayotubeba wengi. Tuseme kijana anakwenda kilomita 120 kwa siku, na katika hizo 45 hana abiria wala mzigo: anarudi stejini baada ya kumfikisha mtu Manga, anazunguka mjini akipiga honi, anafuata fununu kwamba kanisani kuna harambee. Hizo 45 zimekula lita moja nzima, Sh185. Kwa siku 26 za kazi ni Sh4,810 kila mwezi, fedha ambazo hakuna abiria aliyezilipa. Sasa linganisha na ushauri unaotolewa mara nyingi zaidi, wa kuendesha polepole na kwa utulivu. Ukimpunguzia matumizi kwa asilimia 10, ameokoa robo ya lita na kidogo juu yake, karibu Sh49 kwa siku. Utulivu ni mzuri, na nitaurudia, lakini akipunguza nusu tu ya kilomita tupu atakuwa ameokoa Sh92 na zaidi, karibu maradufu. Anayembana kijana huyu kuhusu mkono wake wa kulia huku akimwacha azunguke mji mzima ameshika mkia wa ng'ombe akidhani ameshika pembe.

Jibu la wahusika ni jepesi na lina uzito: abiria hawaji wenyewe, steji imejaa, asiyezunguka hulala njaa. Ni kweli kwa kiasi. Pikipiki zimekuwa nyingi kuliko abiria katika vituo vingi, na hakuna ushauri wa mafuta unaoweza kuongeza abiria. Lakini tazama kuzunguka kwenyewe kunazaa nini. Pikipiki tatu za steji moja zikizunguka saa za mchana, wakati wanafunzi wako darasani na soko limetulia, hazimzalishi abiria ambaye hakuwapo. Zinagombania yuleyule mmoja, na wawili wanachoma petroli ili kumkosa. Hapa steji yenye utaratibu ina faida ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Zamu ya foleni ikiheshimiwa, hakuna sababu ya kuzunguka. Namba ya simu ya steji ikibandikwa dukani, zahanatini na kwenye lango la shule, abiria hupiga na aliye karibu humfuata. Anayempeleka mtu mbali aulize kabla ya kuondoka, "Utarudi saa ngapi?" Mara nyingi abiria anayekwenda hospitali au benki anarudi baada ya saa moja au mbili, na kumngojea chini ya mti ni nafuu kuliko kurudi tupu na kupanda tena tupu. Wateja wa kudumu, kama watoto wa shule, mwenye hoteli anayehitaji maziwa alfajiri, mwuza mboga, hulipa kidogo kwa safari lakini hujaza kilomita zile ambazo zingekuwa tupu.

Wafanyabiashara wa mazao nao wana sehemu yao. Lori la ndizi linalotoka Keroka kwenda Nairobi lina kazi upande mmoja. Upande wa pili hutegemea ujanja wa mwenyewe. Anayepata mzigo wa kurudi, saruji au mabati au bidhaa za duka, hugawanya dizeli kwa shughuli mbili, na asiyepata huitoza ndizi dizeli yote ya kwenda na kurudi. Bei ya dizeli inapopanda, mkulima huambiwa shambani kwamba "usafiri umepanda", na yeye hukubali punguzo la bei ya mkungu kana kwamba ni mvua. Ana haki ya kuuliza gari linarudi na nini. Wakulima wa jirani wanaokubaliana siku moja ya kuvuna, ili pikapu isimame mahali pamoja na kujaa, humpunguzia mnunuzi mizunguko kwenye njia za udongo, na punguzo hilo linaweza kudaiwa mezani. Wakulima wa majani chai wamelijua jambo hili kwa miaka: kituo cha kununulia kipo ili lori la kiwanda lisipite mlango hadi mlango. Utaratibu huo haujapelekwa kwenye parachichi na ndizi kwa kiasi kinachostahili.

Kwa wenye magari yao binafsi, kilomita tupu ni viti vitupu. Watumishi watatu wanaoishi mtaa mmoja na kufanya kazi mji mmoja, kila mtu na gari lake, kilomita 40 kwenda na kurudi, hutumia kila mmoja karibu Sh529 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya Sh11,600 kwa mtu. Wakipanda gari moja, fungu la kila mmoja linakuwa chini ya Sh3,900. Hakuna kifaa cha dukani kitakachookoa kiasi hicho, hata kile kidonge cha kutia tangini kinachouzwa kwa maneno matamu. Kuna pingamizi mbili hapa, na zote ni za haki. Ya kwanza ni uhuru: mmoja ana mkutano, mwingine ana mtoto wa kupitia. Basi wasifungane siku zote. Siku tatu kati ya tano tayari ni zaidi ya nusu ya faida. Ya pili ni bima. Bima ya gari la binafsi haikuandikwa kwa ajili ya gari linalobeba watu kwa nauli, na ajali ikitokea swali hilo litaulizwa. Njia salama ni kupokezana magari, juma hili langu na juma lijalo lako, bila fedha kupita mkononi. Wakifanya hivyo hata ubishi wa nani amelipa nini unakwisha.

Tarehe 14 yenyewe huzaa kilomita tupu za aina yake. Fununu zikisambaa kwamba bei itapanda usiku wa manane, foleni huanza vituoni na watu hutoka mbali kuja kujaza. Piga hesabu. Bei ikipanda kwa Sh5 na ukajaza lita 30, umeokoa Sh150. Kama kituo kiko kilomita tano kutoka kwako, kwenda na kurudi kwa gari la kilomita 14 kwa lita kumekula Sh132, kabla ya injini kunguruma foleni nusu saa. Umefanya kazi ya jioni nzima kwa chini ya Sh20. Tofauti ni kama ulikuwa unapita njia hiyo. Hapo jaza kwa amani. Na wale wanaojaza madumu wakaweka nyumbani, kando ya jiko au chini ya kitanda, nitawaambia bila kuzungusha: waache. Mvuke wa petroli hautafuti mwali mkubwa. Nchi hii ilizika zaidi ya watu 100 baada ya moto wa Sachangwan mwishoni mwa Januari 2009, waliokuwa wakichota petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori lililopinduka. Dumu la nyumbani ni dogo kuliko lori, lakini nyumba nayo ni ndogo.

Sasa milima. Kaunti ya Nyamira imepanda kutoka takriban mita 1,250 hadi 2,100 juu ya bahari, na hakuna barabara yake ndefu isiyopanda na kushuka. Jambo hili lina bei inayoweza kukadiriwa. Kuinua gari dogo lenye watu, jumla kilo 1,500 hivi, mita 100 kwenda juu, hudai karibu moja ya tano ya lita juu ya yale ambayo lingetumia tambarare, yaani zaidi ya Sh30. Malipo hayo hayakwepeki. Mlima ni mlima. Kinachokwepeka ni kulipa mara mbili. Anayefika chini ya mlima kwa breki kali, akasimama, kisha akaondoka kwa gia ya kwanza akikanyaga hadi sakafuni, ameitupa kasi aliyokwisha kuinunua. Anayetazama mbele na kuachia mafuta mapema, akafika kwenye tuta gari likiwa bado linatembea, hupanda kwa gharama ndogo. Mzigo usio na kazi nao hupanda mlima kila siku pamoja nawe: mawe ya kuzuia gurudumu, gunia la mchanga, vyuma vya fundi vilivyosahaulika buti tangu mwaka jana. Vishushe.

Kwenye mteremko ndipo penye kosa kubwa zaidi, na lina sifa ya ujanja. Madereva wengi huteremka kwa frii, gari limetolewa gia, na wengine huzima injini kabisa, wakiamini wanaokoa. Kwa magari ya sasa imani hiyo ni kinyume cha mambo yalivyo. Injini za EFI, ambazo kompyuta ndiyo hupima petroli, zikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka frii, injini lazima ijitegemee isizime, na hapo inakunywa. Kwa hiyo gia ya pili au ya tatu kwenye mteremko mrefu ni petroli sifuri, na frii ni petroli kidogo pamoja na breki zinazochemka. Pikipiki ya kabureta haina kompyuta hiyo, na pale frii inaweza kuokoa matone. Lakini matone hayo yananunuliwa kwa breki peke yake ikibeba watu wawili na gunia kwenye kona ya udongo uliolowa. Kuzima injini ni hatari zaidi: breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani unakuwa mzito kama jiwe. Hakuna bei ya EPRA inayohalalisha hilo.

Litajitokeza hapa swali la Probox, gari dogo linalojazwa abiria kupita viti vyake, na halistahili kukwepwa. Mtu atasema: kama dhambi ni viti vitupu, basi gari lenye watu tisa ndilo linalotumia mafuta vizuri kuliko yote, na wewe unalisifu bila kujua. Kwa hesabu ya petroli peke yake ana haki. Lita iliyogawanywa kwa watu tisa ni nafuu kuliko iliyogawanywa kwa watano, hata ukiongeza kinachodaiwa na uzito mlimani. Kwa sababu hiyo magari hayo hayatoweki barabarani licha ya misako, na bei ya mafuta ikipanda msongamano ndani yake huongezeka: mwenye gari hufidia kwa watu, si kwa nauli pekee. Lakini breki, magurudumu na springi hazikutengenezwa kwa hesabu ya petroli. Dereva aliyeketi ubavu, abiria akiwa kwenye kiti chake, hana usukani wa kukwepa chochote, na bima ina sababu ya kukataa. Abiria anayekubali kubanwa ili alipe Sh20 pungufu anapaswa kujua kwamba anaikopesha safari hiyo uhai wake. Kujaza viti vilivyopo ni uchumi. Kuzidisha ni kamari.

Na mwendo? Nimesema utulivu huokoa, na sababu ni ya fizikia: upepo unaolipinga gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100 kunaongeza upinzani huo kwa zaidi ya nusu. Wafanyabiashara hujibu kwamba muda ni pesa. Basi tuupime muda wenyewe. Kilomita 20 kwa mwendo wa 80 ni dakika 15. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 12. Dakika tatu, na hiyo ni barabara nyoofu isiyo na tuta, soko wala ng'ombe. Kati ya Keroka na Kisii dakika hizo huishia nyuma ya trekta. Magurudumu yasiyo na upepo wa kutosha nayo hula mafuta kidogo kidogo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwenye kidole cha gumba cha mtu wa pancha. Kuhusu kichujio cha hewa, nitawaudhi mafundi kidogo: kwenye injini za EFI kichujio kichafu hupunguza nguvu zaidi ya kinavyoongeza matumizi ya petroli. Kibadilishe kwa ajili ya injini, lakini usitarajie muujiza pampuni. Na anayewasha AC Nyamira, penye baridi ile ya asubuhi, hana wa kumlaumu.

Jihadhari pia na petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia. Ina msaada wake usiku, kituo kikiwa mbali. Lakini chupa haina pampu iliyopimwa wala risiti, na hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo maalumu ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Anayenunua chupa mbili kila siku kwa bei ya juu kuliko ya kituoni, kwa sababu tu hakupanga kupitia kituo asubuhi, analipa ada ya kutopanga.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kisiasa. Kwa nini mwananchi afundishwe kubana ilhali zaidi ya theluthi ya bei anayolipa ni ushuru na tozo? Julai 2023 ushuru wa ongezeko la thamani, VAT, kwenye mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya kukarabati barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. VAT, kwa kuwa ni asilimia, huongezeka yenyewe kila mafuta ghafi yanapopanda, kwa hiyo serikali huvuna zaidi wakati ule ule mwananchi anapoumia zaidi. Na anayelipa Sh25 za barabara kwa kila lita, kisha akapita kwa gia ya kwanza kwenye mashimo kwa sababu barabara haijatengenezwa, ametozwa mara mbili: fedha na petroli. Malalamiko haya ni ya haki, na mahali pake ni kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha kila mwaka na kwa mbunge. Hata hivyo daftari halimpunguzii mtu haki ya kulalamika, linampa namba. Steji inayoweza kusema kwamba wanachama wake wamelipa kiasi fulani cha tozo ya barabara mwezi huu, na barabara yao ndiyo hii, inasikika tofauti na kelele.

Hayo yote ni ya muda mfupi. Uchunguzi wa wachumi unakubaliana kwamba mabadiliko makubwa huja polepole, watu wanapobadilisha vyombo vyenyewe. Baada ya bei kulipuka mwaka 1973, Wamarekani waligeukia magari madogo ya Kijapani, na Japani ikaendelea kuyanoa. Probox ya 1,500 cc iliyoko Kisii leo ni ya ukoo huo. Kwa hiyo anayepanga kununua gari asitazame bei ya kununulia peke yake. Gari la kilomita 9 kwa lita likilinganishwa na la kilomita 14, kwa mwendo wa kilomita 1,500 kwa mwezi, linakula zaidi kwa karibu Sh11,000 kila mwezi, na kwa miaka mitatu tofauti hiyo inakaribia Sh400,000. Gari kubwa lililoonekana rahisi limekwisha kuwa ghali. Jambo jingine la kuuliza ni siku ngapi kwa mwezi utalijaza watu. Kama ni siku mbili za harambee, siku hizo mbili kodi.

Pikipiki za umeme nazo zinakuja. Rais alizindua mpango wa taifa wa usafiri wa umeme Mombasa mwanzoni mwa Septemba 2023, na kampuni zinazobadilisha betri zimeanza kuenea kutoka miji mikubwa. Kwenye milima yetu umeme una faida yake, kwa kuwa baadhi ya pikipiki hizo hurudisha chaji kidogo zinapoteremka. Kabla ya kuweka sahihi ya mkopo, uliza mambo matatu kwa mwuzaji: betri moja inafika wapi ikiwa na abiria na mlima, si tambarare na mtu mmoja, ubadilishaji mmoja ni shilingi ngapi, na kituo cha kubadilishia kiko wapi. Kama kiko Kisii na wewe kazi yako iko Nyansiongo, basi kila safari ya kwenda kubadilisha betri ni kilomita tupu, na ni lazima ziingie kwenye hesabu kabla ya mkopo.